Mgeni Aliyezaliwa wa Pili

Kuna Mwaka Mpya mmoja ambao siusahau, mwanangu. Sogea karibu, na hiyo simu uiweke kando kidogo, haitakimbia. Nilikuwa msichana mdogo hapa hapa Bwera, mpakani na Kongo, nikilelewa na mukaka, ndivyo sisi Wakonzo tunavyomwita bibi. Kongo walikuwa wamepata uhuru wao juzijuzi tu, na kabla hawajakaa wakaufurahia, vita vikawaingilia. Watu walivuka mto Lubilia kuja upande wetu, huyu na godoro kichwani, huyu na kuku kwapani, mwingine mikono mitupu.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa Beni, huko Kongo, kwa mwalimu wa shule ya misheni. Alifika kwetu bila mume. Alikuja na watoto wake pamoja na mwanamume mmoja mrefu, mweusi kama wewe na mimi, miwani yake imepasuka kioo kimoja, na mgongoni amembeba kitinda mimba wa shangazi, kamfunga kwa kitenge kama mama. Yule mwanamume alikuwa akifundisha shule moja na mume wa shangazi. Kwao kulikuwa Haiti, nchi ya kisiwani ng'ambo ya bahari kubwa ya magharibi. Wabelgiji walipofungasha, Kongo ilikosa walimu, na watu wa Haiti wakaja kusaidia kwa sababu walijua Kifaransa.

Waliomuua mume wa shangazi walikuwa wanamtafuta na huyu mwalimu mwenzake. Hilo shangazi alilisema mara moja, na hatukumuuliza tena.

Watu wa Bwera wakampa jina: Muzungu Mweusi. Usiwalaumu sana. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, linapita puani, hakuna aliyeliweza. Tena alikula bundu kwa uma! Mihogo imesongwa vizuri, vidole anavyo vyote, yeye anatafuta uma. Watoto walimfuata njiani wakiimba Muzungu Mweusi, Muzungu Mweusi, na wakubwa walilitamka kwa heshima kabisa, wakidhani wanampamba. Yeye kila akilisikia alivua miwani akaifuta, hata kama ilikuwa safi.

Ikawa kabla ya Krismasi, chifu akatangaza kwamba wageni wamezidi. Mwenye ndugu atabaki kwa ndugu yake. Asiye na nyumba ya kumsemea atapandishwa lori, arudishwe mpakani. Baba yangu alikuwa kazini mgodini Kilembe, kwa hiyo wa kuisemea nyumba yetu alikuwa baba mdogo Thembo. Baba mdogo hakuwa na roho mbaya, ila aliogopa serikali kuliko alivyoogopa simba wa Hamukungu, na akiogopa alipayuka. Siku nzima tulimsikia akisema yule mgeni atatuletea balaa.

Sasa asubuhi ya Mwaka Mpya tumetoka misa, mvua inanyesha, mwalimu akamwendea mukaka jikoni akamwomba boga. Mukaka akamwonyesha lile kubwa lililokuwa chini ya ungo. Mwanamume akakaa kwenye kigoda, akalimenya, akalikata, akalipika na nyama na vitunguu mpaka likawa supu. Wanawake tulicheka mpaka machozi. Kwetu boga unalichemsha na ganda lake, ukampa mtoto anayelia. Nani alisikia boga la sikukuu?

Tukakusanyika tukala. Ilikuwa tamu, nikwambie ukweli. Baba mdogo akamaliza bakuli lake, akajifuta mdomo, akaanza.

"Mwalimu, wewe uko kabila gani?"

"Sijui," mwalimu akajibu.

"Haujui? Mutu hajui kabila yake?" Baba mdogo akatutazama sisi wote, akacheka. "Basi huyu ni mutumwa! Mimi nilisikia wale batu ya visiwa vyote ni batumwa. Sasa mutumwa nitamwambia chifu ni ndugu yangu?"

Hakuna aliyecheka naye. Shangazi aliinama, akawa anamfunga mtoto nguo ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Mimi nilimwonea yule mtu huruma.

Mwalimu aliweka kijiko chini. Kiswahili chake alikiokota Beni, kwa hiyo kilikuwa cha kule kule.

"Hapana, papa. Bababu yangu habakuzaliwa batumwa. Balizaliwa batu, huku huku Afrika. Baliibwa. Balifungwa munyororo, bakapelekwa kukata miwa mupaka kufa. Mutu hazaliwi mutumwa. Anafanywa."

Kisha akatusimulia, na hata mvua sikuisikia tena. Alisema kule mashambani mtu akifika, jambo la kwanza ananyang'anywa jina. Anapewa jingine na bwana shamba, kama unavyomwita mbwa wako. Lile jina refu ambalo sisi lilitushinda, kumbe lilikuwa jina la bwana shamba aliyemmiliki babu wa babu yake. Alisema ile supu ya boga ilikuwa ya mabwana. Aliyeipika hakuruhusiwa kuionja. Ndipo wale watu waliposimama, wanaume kwa wanawake, wakapigana miaka na miaka. Mkubwa wa Ufaransa, ambaye dunia nzima ilimtetemekea, aliwatumia meli zimejaa askari, na wakawashinda. Siku ya Mwaka Mpya wakatangaza kwamba wako huru, na tangu hapo kila Mwaka Mpya wote huipika ile supu wakainywa. Na unajua walifanya nini? Walilitupa lile jina ambalo Wafaransa waliipa nchi, wakairudishia jina la zamani, la wale waliokuwa wakiishi pale kabla ya mzungu yeyote kufika. Haiti maana yake ni nchi ya milima.

"Ya milima?" mukaka akauliza.

"Milima tu, mama. Kama hii yenu."

"Nchi ilipata jina yake," akasema mwalimu tena, polepole. "Lakini sisi batu, majina ya bababu hatukuipata. Ilipotea kwenye maji. Na hapa munaniita muzungu. Muzungu ndiye aliyeikamata."

Mwanangu, nimezika mume na nimezika watoto, lakini uso wa yule mtu pale jikoni bado unaniuma.

Mukaka akamgeukia baba mdogo. Hakupandisha sauti, hakuwa na tabia hiyo. "Thembo, umeuliza kabila. Nani alikufundisha kuuliza mutu hivyo? Wewe nilikuzaa wa tano kwa vijana, ndiyo maana uko Thembo. Kama ningekuzaa kwa mashamba ya miwa ungeitwa nani?" Mukaka akamgeukia mgeni. "Mwalimu, mama yako mbele yako alizaa nani?"

"Kaka mumoja tu."

"Halafu wewe?"

"Halafu miye."

"Basi uko Bwambale. Ni hivyo tu. Kijana wa pili hapa ni Bwambale, na kule Beni na Butembo wanasema Kambale. Hakuna mutu anakupa hii jina kwa huruma, na hakuna mutu anaweza kuikamata. Mama yako alikupa siku alikuzaa, sema hakujua namna ya kuitamka."

Mwalimu alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanatikisika. Mukaka alimwacha alie. Akamwongezea supu tu.

Sijui kama alikuwa amemaliza kuinywa tuliposikia gari nje, na askari akaingia na koti linachuruzika maji. Alikuwa kijana wa Kasese, bunduki begani, sauti ya kambini.

"Wewe! Simama! Huyu ndiye ule Muzungu Mweusi? Nani mwenye nyumba?"

Wote tukamtazama baba mdogo. Mukaka hakuweza kumsemea mwalimu. Serikali ya siku zile haikusikiliza mwanamke. Lori lilikuwa linanguruma uani, na nyuma yake nilikuwa nimekwisha kuona watu wameketi wamejifunika maturubai. Neno moja la baba mdogo, na mwalimu angepanda.

Baba mdogo alisimama.

"Afande, hapa hakuna muzungu. Huyu ni Bwambale."

"Bwambale wa nani?"

"Wa mama yangu. Ni ndugu yangu."

Askari akamkazia macho mgeni. "Wewe, jina!"

"Bu-amba-lé," mwalimu akasema, kwa lile pua lake la Kifaransa.

Tukaona tumekwisha. Askari alimtazama, akamtazama mukaka, akatazama sufuria. Halafu akaiacha ile sauti ya kambini, akasema kwa Kiswahili cha mtoto wa watu, "Mimi pia niko Bwambale," na akatoka nje mvuani. Lori likaondoka.

Mwalimu alikaa nasi hadi vita vilipotulia, kisha akaenda zake. Barua zake kwa mukaka zilikuja zimeandikwa Bwambale chini, na baba mdogo ndiye aliyekuwa akizisoma kwa sauti, akijivuna kama vile wazo lilikuwa lake.

Nimekusimulia haya, mwanangu, kwa sababu leo watu wanavuka tena pale mpakani Mpondwe, na nakusikieni ninyi vijana mkisema mukimbizi huyu, mukimbizi yule, kana kwamba mama zao waliwabatiza hivyo. Ukimbizi ni jambo alilotendewa mtu. Utumwa nao ni jambo alilotendewa mtu. Usilichukue alilotendewa ukalifanya jina lake. Na wewe mwenyewe, huko Mweya unakohudumia watalii, wakikupa jina jepesi kwa raha ya ndimi zao, wafundishe lako taratibu, watalijua. Watu walikufa kule mashambani wakilitafuta la kwao.

Yule binti wa Butembo aliyepanga kwa jirani, ambaye mnamwita mukimbizi wa kisimani, jana nilimwita aketi nami. Nikamuuliza mama yake alimzaa wa ngapi kwa wasichana. Akasema yeye ni Kabugho. Kabugho ni msichana wa tatu, mwanangu, na huku amevuka peke yake. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka jua likazama, sikumuuliza dada zake wawili wa mbele wako wapi.

Kesho ukimkuta kisimani, mwite Kabugho. Mungu akulainishie ulimi kwa jina la kila mgeni, akulinde uendako, na popote utakapofika usikose jiko ambalo mtu atakuuliza umezaliwa wa ngapi.