Mke Mwenza wa Maabara

Mtaani walimwita Baba Panya, na wala hakukasirika, maana kazi yake ilikuwa hiyo. Kila asubuhi alibadilisha maranda kwenye vizimba vya maabara, akajaza maji, akawatazama panya weupe waliopandikizwa uvimbe makusudi ili wataalamu wawajaribie dawa. Nyumbani alikuwa na mkewe, fundi cherehani, mwenye uvimbe ambao hakupandikizwa na mtu. Hospitali ilishamrudisha. Walisema, "Mpeni anachopenda kula," na Baba Panya akaelewa, ila akajifanya hajaelewa.

Dawa iliyojaribiwa ilikuwa unga wa rangi ya kutu. Mkuu wa maabara, mama asiye na makuu, alimweleza siku moja: chembe za chuma zimeunganishwa kwa kemikali mpaka kila punje imejaa vitundu, kama sega la nyuki. Dawa kali inajazwa humo, inasafiri kwenye damu bila kudhuru kitu. Ikifika penye uvimbe, punje inamomonyoka na dawa inamwagika hapo hapo. Maneno hayo Baba Panya akayakimbiza nyumbani. Jamani, nani alimtuma?

"Yuko panya mmoja jike, sikio limekatika," akamwambia mkewe. "Ana uvimbe kama wako. Leo kaanzishiwa ule unga."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe umeniletea mke mwenza! Ndiyo maana unashinda huko. Haya, huyo mke mwenzangu kala?"

"Kala."

"Basi na mimi lete uji. Hawezi kunishinda hivi hivi."

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu juzi yake. Kuanzia hapo, hiyo ndiyo ikawa dawa ya nyumba ile. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Huyu ilibidi kwanza apewe habari za panya. Panya akila vizuri, naye anajitahidi. Panya akisusa, bakuli linarudi lilivyo. Uvimbe wa panya ukawa unanywea, na mke akawa anakonda, lakini alikula.

Mfa maji haachi kutapatapa. Baba Panya akamfuata mkuu wa maabara. "Daktari, nakuomba, hata kijiko kimoja tu cha ule unga."

Yule mama akamkalisha. "Kaka yangu, ungekuwa tayari kwa binadamu ningempa mama yangu mzazi, na nimeshamzika. Hatujui kile chuma kinakwenda wapi baadaye. Labda utawafaa wajukuu." Akamshikashika bega, akarudi kwenye darubini yake.

Ikafika siku Baba Panya akampapasa panya tumboni asikute kitu. Uvimbe umekwisha! Maabara nzima ikapiga makofi. Alikuwa ameshavua koti akimbilie nyumbani, mkuu akamwita.

"Usiende. Lazima tumfungue leo, tuone ini."

"Daktari, lakini amepona!"

"Najua. Ndiyo maana tunataka kuona."

Baba Panya akamshika mwenyewe, kwa kuwa panya alikuwa amezoea mkono wake, akamweka kwenye kisanduku cha gesi. Panya hakuhangaika hata kidogo. Walipompasua, ini lote lilikuwa limejaa kutu. Chuma hakikuwa kimetoka. Mkuu akavua glavu polepole, akasema wataanza upya.

Jioni Baba Panya akanawa, akarudia kunawa, ndipo akaenda nyumbani. Akakoroga uji, akaketi kitandani.

"Mke mwenzangu hajambo?"

"Hajambo."

"Kala?"

"Kala. Kamaliza chote."

Mkewe akafungua mdomo, akameza kijiko cha kwanza, akameza na cha pili. Kisha akaushika mkono wa mumewe, akaunusa. "Siku zote unakuja na harufu ya panya. Leo unanuka sabuni tupu. Mmemfanya nini?"

Njia ya mwongo fupi. Akamwambia yote, machozi yakimtoka.

"Alikuwa amepona?"

"Kabisa, mke wangu. Uvimbe haukuwepo."

"Maskini. Kumbe hata kupona hakukumsaidia." Akalisukuma bakuli, akageukia ukutani. Baba Panya akambembeleza sana: kijiko kimoja tu, nusu basi, ulambe tu. Hakugeuka.

Kesho yake maabara ilimkabidhi panya mwingine. Jioni alirudi hajanawa, mikono inanuka maranda, akaketi pale pale kitandani na bakuli. Mkewe hakuuliza kama kala.