Zamu ya Elisifa

Elisifa alikuwa na ugonjwa wa kuota mchana. Wenzake katika maktaba ya chuo pale Moshi mjini waliujua, na hawakuacha kumtania. Asubuhi, mlima ukijitoa mawinguni upande wa dirisha lake, ungemkuta ameshika tama, chai inapoa, macho yapo huko juu kwenye msitu ambako mito huanzia. "Dada Elisifa ameshafika kilele cha Kibo," wangesema. Naye angecheka na kurudi duniani kwa muda.

Kazi yake nayo ilikuwa na harufu ya ndoto. Mwanafunzi angekuja na simu mkononi, amenuna: "Madam, makala nimeiona, ila haifunguki." Jina la makala lipo, mwandishi yupo, muhtasari upo, lakini makala yenyewe imelala kwenye maktaba ya watu, Morogoro au Dar es Salaam au Kampala. Hapo ndipo Elisifa alipoingia. Aliandika barua pepe, akapiga simu, akambembeleza Ruth wa maktaba moja ya Morogoro aende shelfuni, aiskani, aitume. Mara nyingine ilifika kesho yake. Mara nyingine ilifika mwanafunzi ameshahitimu na kuoa.

Hayo hayakumshangaza. Alikulia Machame, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, kilichonyweshwa na mfongo, ule mfereji uliochimbwa kwa mikono kushusha maji kutoka msituni hadi migombani. Kuyasikia maji yakivuma bondeni ni jambo moja. Kuyafikisha kwenye mgomba wako ni shughuli nyingine kabisa, yenye zamu, ugomvi na kubembelezana. Baba yake, marehemu Mzee Filemon, ndiye aliyesimamia zamu za mfongo huo, na alikuwa na tabia iliyomkera mkewe: aliwafungulia maji majirani wote kwanza, kihamba chake kikawa cha mwisho. "Nikianza na mimi," alikuwa akisema, "kesho watu watanielewaje?"

Elisifa aliirithi tabia hiyo nzima nzima, na mimi nasema aliirithi kupita kiasi. Maana kulikuwa na makala moja aliyoitaka kuliko zote, na hakuwahi kuiomba.

Ilikuwa ya mdogo wake, Gidioni. Gidioni alikuwa kitinda mimba, na kwa Wachagga kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Yeye akataka kwenda kusoma kilimo. Siku ya kuondoka, mama yao, Mama Martha, alisimama mlangoni akamwambia ameitupa migomba ya baba yake kwa ajili ya makaratasi. Gidioni akainua begi lake akateremka. Aliugua huko huko chuoni, akarudishwa kuzikwa. Makala yake pekee ilitoka baada ya msiba, katika jarida dogo ambalo nalo halikuchukua muda likafa.

Huko mlimani, mtu aliyekosa huenda kuomba radhi na jani la sale, lile jani refu la mmea wa mipakani, na anayepelekewa hakatai. Siku ya mazishi Mama Martha alilikata jani hilo, akalishika mpaka watu wakatawanyika. "Sasa nimpe nani?" alimwuliza Elisifa. Tangu hapo, kila Elisifa alipopanda nyumbani Jumapili, mama alimwuliza yale makaratasi ya Gidioni yalisema nini.

Jina la makala aliliona kwenye kompyuta hata usingizini, "Kugawana Maji Katika Vihamba", ukilitafsiri, maana liliandikwa kwa Kiingereza cha watafiti, na chini yake maneno yale yale kwamba nakala haipatikani. Angeweza kumwomba Ruth. Lakini kila aliposhika kuandika, alikuwapo mwanafunzi anayesubiri, mwenye tarehe ya kuwasilisha, na zamu yake ikarudi nyuma. Huku nyuma mama alikuwa anasahau. Jumapili moja alimwita Elisifa kwa jina la shangazi yake. Elisifa aliteremka siku hiyo akilia, maana aliona swali lenyewe linaweza kufutika kabla ya jibu kufika.

Ndipo Denis wa kitengo cha kompyuta alipoleta mfumo mpya. Maktaba nyingi za vyuo zilikuwa zimeunganishwa, akaeleza, hivi kwamba mtu akiiona makala, pembeni yake pana kitufe cha kuomba, na ombi linazunguka lenyewe, maktaba hadi maktaba, mpaka limpate mwenye nayo.

"Tuujaribu, dada. Weka makala yoyote."

Elisifa akatazama nyuma yake. Siku ile hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja, walikuwa likizo. Vidole vyake vikaandika jina la Gidioni, akabonyeza haraka kabla aibu haijamshika.

Ombi likaondoka. Kwa wiki kadhaa alilifuata kwenye kioo kama alivyofuata maji utotoni, akikimbia kando ya mfongo. Likapita Dar es Salaam, hawana. Likapita Kampala, hawana. Ruth alitafuta mpaka stoo, akapiga simu kumpa pole. Usiku Elisifa aliota maji yanashuka kutoka msituni, yanafika kwenye mpaka wa kihamba chao na kusimama hapo, yanang'aa.

"Limekufa?" alimwuliza Denis.

"Ombi halifi, dada. Linakaa linasubiri. Maktaba yoyote ikiongeza majarida kwenye orodha, linaamka na kupita tena."

Likaamka alasiri moja ya ukungu. Elisifa alifungua kompyuta akakuta ujumbe, akausoma mara ya kwanza bila kuuelewa. Maktaba yake ndiyo iliyokuwa inaombwa. Mfumo ulimtaka yeye, Elisifa, atoe makala ya Gidioni na kumpelekea mwombaji, Elisifa.

"Denis! Umeingiza nini leo?"

"Yale maboksi ya majarida kule stoo. Aliyotuachia yule mwalimu mstaafu."

Elisifa alikwenda stoo taratibu. Aliyajua maboksi yale vizuri mno. Aliyapokea yeye mwenyewe, akakusudia kuyaorodhesha wanafunzi watakapopungua, na kwa kuwa hawakupungua, juu ya boksi la mwisho akaweka birika la maktaba. Miaka yote hiyo alichemshia chai ya kuotea ndoto juu ya makala ya mdogo wake. Akaliondoa birika, ambalo Denis alikuwa amelirudisha pale pale baada ya kuorodhesha, akacheka kwa sauti, kisha akaketi sakafuni akalia.

Jumapili alipanda Machame na nakala mkobani. Mama Martha alikuwa ameketi mlangoni, shuka mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe, Elisifa?"

"Ni mimi. Nimeleta yale makaratasi ya Gidioni."

Mama akasogea kumpisha mlangoni. Elisifa akaanza kusoma, akiyageuza maneno kuwa Kichagga kadiri alivyoweza. Mengi yalikuwa vipimo. Lakini polepole vitu vikaanza kujulikana: mfongo unaokatiza nyuma ya kanisa, jiwe la kuzibia maji, kihamba kinachonyweshwa cha mwisho. Gidioni alikwenda mbali akaandika habari za nyumbani. Na mwishoni, palipo na shukrani, kabla ya walimu wake wote, aliandika: namshukuru mama yangu, Martha, aliyenishika mkono nikajifunza kufungua na kufunga maji.

"Rudia hapo," alisema mama.

Akarudia.

Ukungu ukafunika migomba ya mbele. Mama Martha akanyoosha kidole mpakani.

"Nikatie sale."

Elisifa akaenda akakata, akaleta. Mama akapapasa ukurasa wa kwanza.

"Jina lake liko wapi?"

Elisifa akauchukua mkono wa mama yake, akauweka penye jina. Mama akalilaza jani pale, akalibonyeza kwa kiganja, akaanza kuzungumza na mwanawe.