Siku Nilipoipinda Barabara ya Karatu

Nakwambia mapema usije ukajichosha kunitetea: katika habari hii mjinga ni mimi, na sikusaidiwa na mtu.

Juzi nimepita Karatu kwa basi. Lami tupu. Ukiiacha Rhotia unaona vituo vya mafuta, mabango ya hoteli, maduka ya vinyago, mara mji umekwisha na unaelekea geti la Ngorongoro. Nilikuwa namenya chungwa. Sijafika hata nusu, pale kwetu tumeshapapita.

Enzi zetu kipande hichohicho kilikuwa safari. Kiangazi unatafuna vumbi jekundu, masika malori yanalala kwenye tope. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, magari ya wazungu yakapotea, barabara ikabaki na punda, na sisi, na lori mojamoja la kutoka Wasso. Lilianza kusikika likiwa bado msituni huko juu, linanguruma, na wewe unaacha kula ulisikilize.

Mimi nililisikiliza kuliko wote, maana mama alikuwa hospitali ya Wasso, anafua mashuka ya wagonjwa. Nilibaki na bibi, mama yake. Nyumba ya bibi ilikuwa ile ya kizamani ya Wairaqw, imechimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo limelingana na ardhi, mbuzi wanapanda juu kula majani. Ukiwa barabarani huioni. Unaona moshi unatoka ardhini, basi.

Siku moja mama alipita, yumo ndani ya lori. Lori lilikuwa linawahi Arusha na mgonjwa, dereva akagoma kusimama. Alisema yeye anasimama penye nyumba, hasimami porini. Tulikuja kuambiwa na jirani aliyemkuta sokoni. Mama alikuwa amempa kipande cha sabuni atuletee. Wakati huo sabuni ilikuwa haionekani madukani. Bibi akakikata viwili, nusu akaifunga kwenye ncha ya kanga. Nusu yangu sikuiogea. Niliinusa mpaka ikaisha harufu.

Wiki chache baadaye wakaja wapima barabara, wanyooshe ile kona ya chini ya kwetu. Wakachomeka vigingi vyenye kitambaa chekundu, mstari mmoja mpaka darajani, wakarudi mjini kupumzika. Mwalimu wa hesabu alikuwa akisema kichwa changu ni debe tupu, lakini siku ile debe lilifanya kazi. Barabara inafuata vigingi. Vigingi vinafuata mkono. Jumapili watu wakiwa kanisani nikang'oa kimoja kimoja, nikaipinda barabara taratibu, kwa ustadi kabisa, mpaka kigingi cha mwisho nikakipigilia hatua tano kutoka mlangoni kwa bibi. Nikaliona lori linasimama pale, mama anashuka, viatu vyake hata vumbi havijapata.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba bibi alishawahi kuamka akakuta kigingi mlangoni. Wakati wa operesheni ya vijiji, serikali ilipohamisha watu kwa nguvu, walimtoa kwake kilimani, wakampakia kwenye lori, jiwe lake la kusagia akalipakata magotini. Hii nyumba tuliyokuwa tukikaa aliichimba upya baadaye.

Jumatatu natoka shule, nakuta vyombo viko nje. Vibuyu, vyungu, ngozi ya kulalia, jiwe la kusagia. Bibi kakaa kwenye kigoda, kavaa shuka lake la safari. Nikamuuliza tunakwenda wapi.

"Hawajasema," akajibu. "Kwani mara ile walisema?"

Ulimi wangu, ambao hata mwalimu mkuu alishindwa kuufunga, ukafungika. Nikisema, nachapwa na bibi, na wapima, na balozi wa nyumba kumi, kwa zamu. Nisiposema, bibi anahama. Siku mbili tulikula makande pale nje, kati ya vyombo, kama watu wanaosubiri gari. Kuku wake wa mayai akampelekea jirani. Hakulia wala hakulalamika, na mimi nikaishiwa utani.

Siku ya tatu wapima wakaja, na balozi nyuma yao. Mkubwa wao akachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, akachungulia tena.

"Hii barabara nani kainywesha pombe?"

Wakacheka wote. Balozi naye akacheka. Bibi hakuelewa kinachochekwa. Aliinuka tu, akainama, akaanza kulinyanyua lile jiwe la kusagia peke yake, alipakie kwenye gari lao.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka ipite hapa."

Wakacheka zaidi. Mpima akanishika kichwa, akasema nikikua nimtafute anipe kazi. Vigingi vikarudi kwenye mstari wake, watu wakaenda zao, hakuna aliyenichapa. Ningechapwa ningejisikia nafuu. Bibi akaanza kurudisha vyombo ndani kimoja kimoja, na kila nikishika kitu ananinyang'anya.

Leo pale kwetu pana ukuta wa hoteli. Kilima wamekisawazisha, moshi hautoki tena ardhini, na magari yanapita mchana kutwa bila mtu kuacha kula ayasikilize. Kwenye basi nilitaka kumwonyesha abiria wa pembeni, nikakosa hata pa kunyooshea kidole. Nikala chungwa langu.

Jioni ile, chombo cha mwisho kilipoingia, bibi alikuja akakaa karibu yangu, akanifuta vumbi usoni kwa kiganja.

"Ungesema tu unamtaka mama yako," akaniambia. "Tungeanza kutembea asubuhi."