Dawati Lililozaliwa Kizuizini

Mbao mbichi za paini zina harufu ya utomvu inayong'ang'ania vidoleni hata baada ya kunawa. Mwaka nilioandikishwa darasa la kwanza kwetu Nyololo, mwalimu mkuu alitangaza kwamba kila mtoto aje na dawati lake. Asiye nalo angesubiri mwaka unaofuata. Mama, mkulima wa viazi, alinichukua Jumamosi moja ya ukungu hadi Mafinga, tukanunua mbao na kupata lifti ya lori. Kwenye kizuizi nje ya mji, ofisa wa misitu alitushusha. Mbao hazivuki bila kibali, alisema, na ofisi ya vibali ingefunguliwa Jumatatu, siku ileile ya kuanza shule. Mimi nililia. Mama hakulia wala hakugombana. Alimwamkia kwa Kihehe, kamwene, kisha akamwuliza kilichokatazwa hasa ni kitu gani.

“Mbao, mama.”

“Na dawati?”

Ofisa alifikiri. “Dawati ni samani. Samani sizuii.”

Mama akamwita fundi kutoka karakana ya ng'ambo ya barabara. Fundi alipiga randa na kugongelea misumari palepale, maranda yakiangukia viatu vya ofisa, ambaye mwishowe aliinama akamshikia ubao usiteleze. Kazi ilipokwisha, ofisa alijipangusa, akarudi penye kamba yake iliyofunga barabara, akauliza kwa sauti ya kazini, “Umebeba nini, mama?”

“Dawati, baba.”

Akaishusha kamba. Njiani mama alinieleza kwamba mtu wa ofisi amepewa mstari wa kulinda. Usimsukume, mwulize mstari wake unaishia wapi. Jumatatu nilikaa darasani kwenye dawati langu.

Nimestaafu baada ya kutumikia ofisi za serikali za Iringa na Mbeya, na mstari wangu niliujua mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana yaliyotokea juzi yameniudhi. Nilimpeleka mjukuu wangu kuandikishwa shule, hapa Mbeya mjini. Kijana wa dirishani alinipa shikamoo, akatazama kompyuta yake, akasema mfumo umekataa. Nikamwuliza umekataa kitu gani hasa. Alijibu kwa adabu kwamba yeye hajui. Mfumo ndio unaojua. Tulipotoka nje, mjukuu wangu alinishika mkono.

“Bibi, huyo Mfumo anakaa wapi? Twende tukamwulize.”

Sikuwa na pa kumpeleka.