Sauti ya Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu alifika miaka mitatu na miezi minne hajatoa neno. Wapo watoto wasioongea lakini wana milio yao. Huyu hata mlio hakuwa nao. Akianguka, anakaa anatazama goti lake linavyotoka damu, kama goti la mtu mwingine. Akitaka maji, anasimama mbele ya mtungi anasubiri. Anaweza kusubiri hapo mpaka kivuli cha mlango kihame.

Nikampeleka kliniki. Nesi akamgongea hiki na kile nyuma ya kichwa, na mtoto akageuka kila mara.

"Bibi, masikio ni mazima," akasema. "Nyumbani mnaongea naye?"

Nikamjibu tunaongea naye. Nilijua wakati nasema kwamba haikuwa kweli yote.

Inabidi nieleze. Mjukuu huyu ni mmoja wa mabasa, ndivyo tunavyowaita mapacha kwetu Usukumani. Yeye ndiye aliyetangulia kutoka. Wa pili aliondoka na homa wakiwa na miezi minane, kule Nyarugusu, ambako mama yao, binti yangu, anawapikia chakula wachimbaji wa dhahabu. Kwa wazee wangu pacha haliliwi. Husemi amekufa, wala hutaji jina lake mbele ya aliyebaki, maana aliyebaki akisikia mwenzake anaitwa ataona ameachwa nyuma, naye atafuata. Nilikuta hivyo kwa mama yangu, na yeye alikuta hivyo kwa mama yake. Binti yangu alipomleta huyu aliyebaki hapa kwangu Ngokolo, mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sheria: yule asitajwe ndani ya nyumba hii.

Kuna jambo sikulifikiria. Majina ya mapacha kwetu hayachaguliwi. Wa kwanza ana lake na wa pili ana lake, tangu enzi, na yanatembea pamoja kama mafahali wa jembe moja. Ukitaja la kwanza, mdomo wenyewe unataka kumalizia la pili. Kwa kuogopa kuteleza, tukaacha yote mawili. Tukawa tunamwita "wewe", tukawa tunamwita "mtoto". Mimi ambaye sijasahau jina la mtu yeyote, niliosoma nao mpaka darasa la tatu ninao, watoto wao ninao, ng'ombe wa baba yangu ninao mmoja mmoja, nilikaa na mjukuu wangu zaidi ya miaka miwili bila kumwita jina lake. Majirani nao wakafuata. Wakiingia uani wanashusha sauti, kama wanaingia penye mgonjwa.

Nesi akaniambia nimtafutie vitu vya kuchezea vyenye sauti, vile vya kujifunzia. "Ila uchague, bibi. Si kila kinachopiga kelele kinafundisha. Na angalia betri, zile ndogo za duara watoto wanazimeza kama pipi."

Duka lenyewe liko mjini, limejaa mpaka dari, vitu vingine vimening'inizwa kama nyama buchani. Muuzaji ni binti mwenye kucha ndefu za rangi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nataka kitu cha kumfundisha mtoto kuongea."

Akanishushia kibao cha plastiki kama simu kubwa. Akabonyeza, kikaanza kuimba herufi kwa sauti ya mwanamke aliyebanwa pua.

"Kinasema nini?"

"Hilo ni tunda, bibi. Epo. Kinafundisha Kiingereza."

"Mtoto hajasema maji, wewe unamlisha tunda la Ulaya?"

Akacheka mpaka akashika meza. Akaleta ubao wa wanyama, wenye picha ya ng'ombe, mbuzi na jogoo. Akabonyeza ng'ombe. Nikamwambia abonyeze tena.

"Huyo si ng'ombe," nikasema.

"Bibi, si unamwona na pembe zake?"

"Namwona. Lakini mimi nimelala na ng'ombe ukuta mmoja. Hivyo analia anapoona kisu."

Binti akaurudisha ubao haraka. Akanipa na vile vya kuvaa masikioni, eti mtoto asikie vizuri. Nikamuuliza, mtoto hajibu watu, halafu nimzibe masikio? Akacheka tena, safari hii kidogo.

Nikavikagua kimoja kimoja. Kila chenye mfuniko wa betri unaofunguka kwa ukucha nilikirudisha. Nilitaka wenye skrubu. Chenye sauti ya kuumiza sikio langu la uzee nilikirudisha pia, maana sikio la mtoto ni jembamba zaidi. Mwisho nikaona chini kabisa mdoli wa manyoya, boksi lake limechanika na kubandikwa gundi ya karatasi.

"Huyo ni dubu," binti akasema. "Huyu hana Kiingereza, bibi. Huyu unamfundisha mwenyewe. Ukishikilia mkono wake ukaongea, anameza sauti yako. Ukiubonyeza kidogo, anairudisha." Akashikilia mkono wa kulia, akamsemesha, akaachia, akabonyeza.

"Shikamoo bibi," dubu akasema kwa sauti yake yule binti.

Nikajikuta nimeitikia marahaba.

"Na boksi limefunguliwa na nani?"

"Kuna mama mmoja wa Kishapu alimrudisha. Anasema mwanawe alimwogopa."

"Alimwogopea nini?"

"Aa, bibi, watoto! Mwingine anaogopa hata ndizi."

Nikamchukua yule dubu. Mfuniko wa betri ulikuwa mgongoni, una skrubu mbili.

Nyumbani nilishikilia mkono wa kulia nikasema, "Sema maji." Nikabonyeza, nikajisikia ninatoka tumboni mwa mdoli, sauti kama ya marehemu bibi yangu. Mtoto akatazama, akageuza uso. Siku tatu nikabonyeza "sema maji" mpaka mimi mwenyewe nikawa nasikia kiu. Mtoto kimya.

Siku ya nne, mchana, jua limesimama, nilikuwa nimekaa barazani na ungo wa choroko. Mtoto yuko kwenye mkeka nyuma yangu na dubu wake. Nikasikia sauti ya mwanamke inaita. Inaita lile jina la pacha wa pili, lile ambalo halijatamkwa katika nyumba yangu. Kisha ikasema, "Nzugu, mwanangu. Nzugu kwa mama." Njoo.

Nikatazama getini, nikidhani binti yangu amefika bila taarifa. Komeo lilikuwa limefungwa. Ikaita tena. Nikageuka. Mtoto alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa dubu, ule ambao dukani hatukuujaribu. Akaubonyeza mara ya tatu. Sauti ikaita, na mjukuu wangu akasimama, akaelekea geti, akasema:

"Abee."

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa. Hakumtazama dubu. Alitazama geti.

Jirani yangu, mwanamke tuliyezeeka pamoja ukuta kwa ukuta, alikuja mbio.

"Nani kalitaja?"

"Mdoli."

"Mdoli gani, wewe mwanamke? Umeanza kunywa?"

Nikabonyeza. Akajishika kifua.

"Mchome."

"Ni plastiki, atanuka mtaa mzima."

"Heri anuke! Huyo anaita, na mwenye kuitwa yuko wapi? Chini. Anayeitikia ni huyu wa juu. Huoni?"

Nilikuwa naona. Nikafungua skrubu kwa kisu, nikatoa betri, nikamweka dubu juu ya kabati. Mtoto akaenda kusimama chini ya kabati, kama anavyosimama mbele ya mtungi. Akasubiri. Kesho yake akakataa uji, akasimama palepale. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Nilichofikiria ni kwamba neno moja ametoa, moja tu, nami nimelifungia juu ya kabati. Na nikilifungulia, huenda ninamfungulia na njia ya kuondoka. Mchana wa pili nikarudisha betri.

Akabonyeza mkono wa kushoto. Akasimama. "Abee." Kisha akaketi, akachukua kitumbua chake, akakikata vipande viwili, kimoja akala, kingine akakiweka mkekani upande wake wa kushoto, pasipo mtu. Hakuna aliyemfundisha hilo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba walikuwa wawili. Nilikiokota kile kipande jua linashuka, na nyumba yangu ina sisimizi wengi, lakini hapakuwa na hata mmoja.

Nikarudi dukani.

"Mwanangu, yule mama wa Kishapu. Mwanawe ni mzima?"

"Mzima kabisa, bibi. Nimewaona wote wawili, mapacha wake. Alimwingizia kila mmoja jina lake, huyu mkono huu, huyu mkono ule. Kumbe mmoja akaogopa." Akanitazama. "Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

Kwa hiyo mkono wa kulia ulikuwa na jina la kwanza, na yule binti alilifuta kwa shikamoo yake. Lililobaki ni jina la mtoto anayekimbia sasa hivi huko Kishapu na magoti yenye vumbi, jina ambalo wanalo mapacha wa pili wote wa Usukuma. Nilipaswa kutulia. Njiani nilijiambia hivyo, tulia. Lakini sauti ya dubu ilikuwa na maelezo. Ile abee haikuwa na maelezo, wala kile kitumbua.

Nikampigia simu binti yangu. Nyuma yake ilisikika karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ambayo huko Nyarugusu haipumziki.

"Mama, mbona unahema?"

Sikujua nianzie wapi. Nikaisogeza simu kwenye tumbo la dubu, nikabonyeza. Upande wa pili ikabaki karasha peke yake. Nikadhani ameiweka simu chini.

"Mama," akasema. "Bonyeza tena."

Nikabonyeza.

"Tena."

Mara ya tatu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunigusia. "Huku wanachimba chini ya kila kitu, mama. Nikikaa jikoni nasikia nyundo chini ya nyayo zangu. Kila nikizisikia nawaza wamefika alipolala." Kisha akasema, "Nakuja."

Akafika siku iliyofuata, jua la saa kumi, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Mtoto akamtazama kama anavyotazama wageni wote. Nikamweleza nilichokiamua: ashikilie mkono wa kushoto, aseme neno lolote kwa sauti yake, ile ya Kishapu ifutike. Mtoto akipoteza neno lake, basi alipoteze akiwa hai.

Akamchukua dubu. Akashikilia mkono. Akafungua kinywa. Akavuta pumzi, akaishusha, na neno halikutoka. Akaachia.

Mtoto akamnyang'anya, akabonyeza. Tumboni mwa dubu ikasikika pumzi ya mtu, inaingia, inatoka, halafu basi. Sauti ya yule mama wa Kishapu ilikuwa imefutika. Akabonyeza tena. Pumzi. Akabonyeza tena, na sisi wawili tumekaa tunasubiri tuone kama amekwisha kurudi kwenye kimya chake.

Akamweka dubu chini. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Yuko wapi?" akauliza.

Maneno mawili, yamenyooka, kama mtu aliyeyashika mdomoni muda mrefu. Binti yangu alinigeukia, kwa sababu sheria ilikuwa yangu.

Basi nikaanza na jina lake yeye. Nilimwita, na nililisikia likitoka kinywani mwangu kama kitu kilichokaa sana sandukuni. Halafu nikataja la mwenzake. Nikamwambia, mlikuja wawili siku moja. Wewe ulitangulia, yeye akafuata. Akaugua homa. Tumemzika Nyarugusu, pale penye mikaratusi. Binti yangu alijifunika khanga akalia, kilio cha karibu miaka mitatu, nami sikumwambia kwamba pacha haliliwi. Jirani alikuwa amesimama getini, amesikia yote.

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwite," akasema.

"Yuko mbali, mjukuu wangu. Hawezi kusikia."

"Mwite."

Nikainuka. Nikasimama uani, nikaelekea machweo, maana Nyarugusu iko upande huo, nikaliita lile jina kwa sauti yote niliyonayo. Mtaani mtu aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga. Kuku wakatulia. Hata jirani yangu pale getini aligeuza kichwa kutazama nyuma yake.

Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Hajasikia, bibi," akasema. "Ita tena."

Nikaita tena.