Korongo la Lowa, Kutoka Katikati ya Kilalo

Neema, binti wa jirani yangu hapa Kirotshe, alinishinda kwa swali moja. Alikuja studio kupanga foto za ndoa yake, akaangalia ile bache kubwa, turubai ya ukutani yenye maporomoko ya maji ya Uchina, akaniuliza: "Papa, watu wa Kirotshe wote wanaoana mbele ya maji ya Wachina. Ya kwetu haina sura?"

Nilimujibu palepale, wateja wakisikia, kwamba siku ya ndoa yake atasimama mbele ya korongo la mutoni Lowa, kazi ya mukono wangu. Na mimi nikisema kitu mbele ya wateja, nimekwisha kuapa.

Munijue kwanza. Masomo niliacha mu darasa la ine. Hakuna aliyenifundisha kushika aparei ya foto, na leo, na hizi mvi zangu, toka Sake mpaka Masisi ndoa bila mimi inaonekana kama haijafungwa. Lakini miaka yote nimepiga watu: maharusi, watoto wa ubatizo, vichwa vya kitambulisho. Mahali patupu, bila muntu, sikuwa nimepapiga hata siku moja. Moyo ulikuwa unaruka kama wa kijana.

Saa kumi na mbili asubui nilipanda moto, pikipiki ya Bahati, dereva ambaye anaijua barabara ya Masisi kuliko kitanda chake. Tulipita Sake, tukaanza kupanda. Milima ya Masisi ilikuwa imeoshwa na mvua, ng'ombe juu, mashamba ya viazi chini, na ukungu katikati ukitembea polepole. Penye matope nilishuka, nikasukuma. Ku barière moja muntu aliyeshika kamba alitaka kujua nimebeba nini mu sakosi.

"Aparei ya ndoa," nikamuambia.

"Ndoa ya nani, huku?"

Nikamuonyesha maharusi ku kioo cha aparei. Kwa foto ya tatu akamutambua binamu yake, akacheka, akashusha kamba.

Siku ya pili, mchana, tukafika Kashebere. Pale njo milima inachoka na pori kubwa la Walikale linaanza. Bahati alibaki kutengeneza cheni ya moto, mimi nikaenda kwa Papa Yoani, mwindaji na mukristo wa siku nyingi, ambaye niliwahi kupiga foto za ndoa ya dada yake. Alinipatia ugali na sombe, akanisikiliza.

"Korongo yote inaonekana ku fasi moja tu," akasema. "Katikati ya kilalo, ile daraja ya kamba. Ku ng'ambo zote mbili, majabali na miti vinafunika. Na jua inafika chini saa sita tu, kidogo, inatoka."

"Basi saa sita nitakuwa pale."

"Ukifika, uambie mutoni jina lako. Kwetu mugeni havuki bila kusema ni nani."

Siku ya tatu tulishuka kwa mguu, Papa Yoani, mimi, na muke wake Mama Sifa, aliyekuwa anafuata mihogo ng'ambo. Tulisikia korongo mbele ya kuliona. Halafu miti ikaachana. Kuta mbili za jiwe jeusi, ndefu kuliko kanisa lolote nililopigia ndoa, na juu yake kamba za pori zimefumwa kama kitunga kirefu, kikiyumba. Mama Sifa akavuka mbio, kama muntu anayepita mu kiwanja chake.

Nikasimama ku ukingo nikajitambulisha: jina langu, jina la baba, studio, wilaya nilizopigia ndoa, na miaka yangu mu kazi.

"Jina moja inatosha," Papa Yoani akasema. "Mutoni haiko biro ya serikali."

Saa sita kasoro nikaingia ku kilalo. Kufika katikati, nikaelewa kosa langu. Kilalo kinataka mikono mbili. Aparei inataka mikono mbili. Nilijaribu kuachia mukono mumoja tu, kamba zikayumba, kifuniko cha lensi kikaponyoka. Nilikiangalia kikianguka mpaka nikachoka kukiangalia. Baada ya hapo sikuweza kwenda mbele wala kurudi.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na wamama watano na mizigo ya kupeleka soko ya Kashebere, na ku kilalo wanapita mumoja mumoja.

"Papa Foto, unavuka ao unasali?"

"Mumuache, anasubiri mutoni ikauke."

"Mihogo yangu itaota mizizi hapa."

Mwanga wa jua ulikuwa umeanza kushuka ku ukuta wa kushoto, kuelekea maji. Ningerudi bila foto, ningemuambia Neema nini? Njo pale Mama Sifa, naye kule ng'ambo akirudi na mihogo yake, aliweka kitunga chake chini, akafungua ule mukanda ambao wamama wanapitisha ku paji la uso ili mikono ibaki huru, akanifuata.

"Mama, kilalo itakatika," nikasema.

"Kila siku inabeba mimi na kitunga ya mihogo. Kitunga imebaki kule. Leo wewe njo muzigo."

Akapitisha mukanda mugongoni mwangu, chini ya makwapa, akafunga ku kamba kubwa, akachuchumaa nyuma yangu na kushika mushipi wangu.

"Achia."

Nikaachia. Mukanda ukanivuta upande wa kushoto, lakini ukanishika. Na jua likagusa maji. Korongo lote likawaka mpaka mwisho: povu nyeupe, jiwe jeusi likitoka jasho, majani ya ndizi-mwitu yakitetemeka. Nilipiga, nikapiga, nikicheka peke yangu.

Kurudi ilikuwa siku mbili, na sikusikia matope. Miaka yote nilijisifu kwamba hakuna muntu aliyenishika mukono mu kazi hii. Foto hii nitaijivunia mpaka kaburini, lakini ukweli wake ni huu: kidole kilikuwa changu, mugongo ulikuwa wa Mama Sifa.

Wachapaji wa Goma waliona foto imeinama kushoto, wakataka kuinyoosha, nikakataa. Siku ya ndoa nikaitundika bache mpya, kutoka dari mpaka chini. Neema akaiangalia sana kabla ya kusimama mbele yake.

"Papa, mutoni iko inainama."

"Njo vile iko, ukiwa juu yake."

Akageuka kuiangalia tena, akamushika bwana wake kwa mikono yote mbili, nikapiga.