Mume Wangu Anarudi Jumamosi, Nami Sitaki Arudi

Kosa ambalo wengi hulifanya wakisikia mke hataki mumewe arudi nyumbani ni kuanza kumtafuta mwanaume mwingine. Kwangu hayupo. Nawaomba mlikubali hilo kwanza, ndipo tutaelewana.

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mbili, naishi Kambarage, Shinyanga. Mume wangu amechimba dhahabu Geita tangu mapacha wetu wakiwa wadogo. Huja Krismasi, huja kwenye misiba, na matumizi hajawahi kuacha kutuma. Sina la kumlaumu.

Nilipokuwa nafundisha fasihi, kuna tamthilia ya zamani tuliyoirudia kila mwaka. Mke anamsubiri mumewe tangu onyesho la kwanza, anamlilia mbele ya majirani, na mwishoni mume anapobisha hodi, yeye hainuki kitini. Wanafunzi walikuwa wakisema, "Mwalimu, huyu ana mtu." Nami niliwaeleza taratibu kwamba mtu anaweza kuzoea kusema kile anachotarajiwa kukitaka, hadi anachokitaka kweli kikakosa pa kusemewa. Nililieleza kama jambo la vitabuni.

Sasa mume wangu amepiga simu. Jumamosi anamkabidhi mdogo wake duara, yaani shimo lake la dhahabu, kisha anarudi moja kwa moja. Mtaa mzima unanipongeza. Nashukuru, halafu nazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafungua kabati nimpatie nafasi ya nguo, nalifunga. Nasogeza kiti changu cha kusomea, nakirudisha dirishani. Ninachokitaka ni nyumba hii ilivyo: redio niifungue nikipenda, nisipotaka kupika nile kiporo, na mume ninayempenda akiwa Geita.

Nilimdokezea jirani yangu, Mama Nyanzobe.

"Kuna mtu?" akauliza.

"Hakuna."

"Yeye huko anaye?"

"Sijasikia."

"Basi huna shida, Mwalimu, una nafasi tu ya kuwaza. Wangu mimi hata kijiweni haendi, kila nikigeuka yupo."

Tulicheka, lakini sikupata usingizi.

Jana nikampigia mume wangu. Nyuma yake karasha ilikuwa inasaga mawe, naye akipaza sauti kunieleza mwamba mpya walioufikia, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia akiongea habari za nyumbani. Huko machimboni wana desturi: anayeondoka kwa kweli humwachia anayebaki nyundo yake na moko, kile chuma cha kupasulia mwamba. Nikamuuliza, "Baba Doto, nyundo na moko umeshampa mdogo wako?"

Nikasikia akisogea mbali na karasha.

"Nakuja nazo," akasema. "Zitafaa kupasulia kuni."

"Tunapikia gesi, Baba Doto."

"Aa, kweli. Basi zitakaa tu. Si unataka nirudi, Mama Doto? Kila mwaka unaniuliza narudi lini."

Nikajibu, "Nakusubiri."

"Wabeja," akanishukuru, kwa sauti ya mtu anayepokea pole.

Tangu hapo situlii. Naona kama anaacha kazi anayoipenda ili anipe nisichokitaka, nami nazidi kumwambia namsubiri. Duara likishakabidhiwa mbele ya ndugu, halidaiwi tena. Nikisema ukweli, huenda atasikia kwamba simtaki. Tena huenda nimemsoma vibaya, ni mzee aliyechoka anayetafuta pa kupumzika, nami ndiye nitakayekuwa nimemfungia mlango. Nyinyi ambao wenza wenu wako mbali, mngekuwa mimi mngempigia kabla ya Jumamosi, au mngeinuka tu kitini mkamfungulie?

Nikiwa nasubiri majibu yenu, nawe unayesoma fanya jambo moja leo: muulize unayeishi naye anataka nini, kisha nyamaza mpaka amalize.